Siku Nne za Nyaya Kichwani

Mpwa wangu Mwanasha,

Nakuandikia kutoka hapa Kombani. Mimi ni mzima, yaani nakula na kulala. Zaidi ya hapo sihisi kitu.

Wamjua mjomba wako. Ulipoanza kuanguka, nilitangazia soko zima kwamba ni kifafa, na kifafa nakijua kuliko madaktari. Kila ukianguka nakunusisha kiatu, ukizinduka nasema, "Mmeuona mkono wangu?" Nawe wanijibu, "Mjomba, kiatu chenyewe chanuka papa!"

Kisha ukalazwa Mombasa siku nne, mimi nikiwa mlinzi wako. Walikubandika nyaya kichwani, wakakupunguzia dawa ili uanguke wakiona, kamera ikatutazama. Siku ya kwanza hukuanguka. Ya pili, ili kuichangamsha wodi, nikasimulia namna nilivyombeba marehemu mama yako mgongoni akiwa mahututi, Kikoneni hadi hospitali ya Msambweni, mto umefurika, mamba wawili nimewapiga teke. Ukaanguka. Ya tatu wagonjwa wenzako wakaniomba tena, nikaongeza mamba wa tatu. Ukaanguka.

Daktari, binti mdogo tu, akatuonyesha picha. "Anapotetemeka, umeme wa ubongo wake uko sawa. Si kifafa. Wala haigizi, mzee. Kuna jambo limemwelemea, na mwili ndio unaolisema."

Hakunilaumu. Lakini nilijiona pale pichani, mkono juu, nacheka, nawe nyuma yangu umeshafumba macho.

Nikasema, "Kamera yenyewe mbovu." Ulipotoka ulikwenda kwa shangazi yako, Mackinnon Road, na hatujaonana tena. Nasikia kila wiki waongea na mshauri nasaha, na kuanguka kumepungua. Alhamdulillahi.

Barazani wakiiomba ile hadithi, nawaambia koo lauma. Haliumi.

Mwanasha, sikumbeba mama yako. Nilikuwa Diani. Ulinipigia kwa simu yake, una miaka tisa: "Mjomba, njoo, mama hasemi." Nikakwambia, "Naja sasa hivi." Nilikuja kesho yake, nikakuta kaburi limeshafukiwa. Aliyekaa naye, akimtilia maji mdomoni kwa kijiko, ni wewe, peke yako. Na miaka yote hii, mbele yako, nilikuwa nakutoa pale nikijiweka mimi.

Hukukosea lolote siku ile. Aliyekosa ni mimi. Msomee mshauri wako maneno haya.

Ukiniruhusu, nitaisimulia barazani ilivyokuwa, bila mamba. Usiponiruhusu, nitanyamaza.

Ni mimi mjomba wako,
niliyesema naja.