Maini ya Mama

Kamina, tarehe 2 ya mwezi wa saba, 1984

Mupendwa kaka yangu, Yaya Lazare,

Habari ya Kisangani? Kazi ya jeshi inaenda? Ile homa ilikuacha? Siye huku tunapumua, Mungu asifiwe. Baridi iko ya kweli, na moshi ya majani yenye kuunguzwa inalala juu ya reli asubui yote. Treni inatoka ndani yake pole pole, unazani unaota.

Yaya, niko na kitu ya kukuomba, ikala kwanza.

Ile kanseri ya Mama haikuisha. Mu mwezi wa tatu balimukata utumbo mukubwa, tukazani njo mwisho. Sasa munganga alituambia kwa Kifaransa ugonjwa imefika ku foie, njo kusema maini. Lakini Mama, na ile katekisimu yake anafundishaka, alisikia foi, imani! Aï, Yaya! Alisimama na hasira: «Imani yangu? Weye mutoto wa juzi, unapima imani yangu na mashini?» Minyi nilicheka mupaka machozi, kisha kicheko ikaisha, machozi ikabakia.

Nikamueleza mu Kiluba. Aliikala tena, pole pole.

Kama ingekuwa doa moja ao mbili, bangekata, juu maini inameaka tena. Ya Mama iko mingi, pande yote. Kuko sindano mu Lubumbashi: inaweza kuchelewesha ugonjwa miezi fulani, pengine mwaka. Kuponyesha, hapana. Sikufichi. Mama anasema atajaribu, na kama inamuchokesha atarudia ku nyumba yake. Tutapanda treni mwisho wa mwezi huu.

Muchana anaikala ku jua na blanketi, macho ya kufunga. Anasema anasikia harufu ya samaki ya Bukama, kule ku muto, na marehemu Baba anavuta mutumbwi ku kivuko. Sauti yake inakuwa ya kibinti. Minyi pia nabakia pale, nasahau sufuria ku moto.

Numbi, mudogo wetu, anakusalimia; viatu ulimuahidi, miguu ilisha kuzipita! Salimia bibi wako Émerence na batoto.

Sasa njo ombi: omba ruhusa ku commandant wako, tafuta nafasi mu ndege yenye kushuka ku base ya jeshi hapa, mbele ya siku ya treni yetu. Usingoje telegramu, telegramu ni ya kilio. Mama akiwa mu ile ndoto yake anaita «Lazare», na minyi naitika. Kuya hapa kwetu, Yaya. Mama ananishika mukono na kusema asante kwa kurudia ku nyumba.

Mungu akuchunge mu njia,

Mudogo wako mwenye kukupenda,
Dorothée