Miparachichi Yangu Nitaipanda Mwenyewe

Huruma, Nairobi

Kwa Mama mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima. Goti limepoa, au bado linakusumbua asubuhi? Sisi huku hatujambo, ila maji ndiyo shida. Nayapandisha orofa nne kwa mtungi. Mjukuu wako amekuwa mtoto wa Huruma kabisa. Ati nikuandikie, "Sasa, shosho!" Nimemwambia nyanya hasalimiwi hivyo, akacheka tu.

Mama, habari ya shemeji Wanyonyi imenifikia, na nimekasirika, sitaficha. Ile miparachichi niliyompa mwaka jana anipandie katika shamba la marehemu mume wangu, leo anasema ni yake! Na eti shamba pia ni lake, kwa kuwa aliyepanda mti ndiye mwenye ardhi. Mjinga ni mimi. Niliogopa mwiko wetu, kwamba mwanamke akipanda mti mumewe hufa, nikamwachia mwanamume jembe. Lakini Mama, mwanao, mume wangu, tulishamzika. Huo mti ungemuua nani tena?

Miche ile sikuiokota. Niliinunua kwa jasho la kufua nguo za watu Donholm, baada ya kuona mparachichi wa tajiri wangu ukizaa ukiwa mfupi kuliko ukuta. Mtunza bustani wake akanionyesha: unakata kijiti cha mti unaozaa vizuri, unakifunga juu ya mche wa kienyeji, vinashikana; huko ndiko kubebesha. Hakuna kusubiri miaka na mikaka.

Sasa nimebebesha mingine kwa mikono yangu, ndani ya pakiti za maziwa, juu ya paa la ploti tunayopanga. Majirani wananiita Mama Msitu. Wacha waniite! Maji ya kuoga napunguza, ya miche sipunguzi.

Mwambie Wanyonyi miti hiyo ikizaa ale maparachichi ashibe, lakini shamba la wanangu hatalimeza. Mvua ikianza nakuja, na mashimo nitachimba mimi. Anayetaka kuniita mchawi aje aniite nikiwa na jembe mkononi.

Nisalimie mke wa Wanyonyi, yeye hana kosa, na yule mama jirani anayekuchotea maji, na mchungaji aliyemzika mwanao.

Mche mmoja nimeutenga, ni wako. Nawe ni mjane, Mama. Utaupanda kwa mkono wako, mchana, watu wote wakiona.

Ni mimi mkaza mwanao, nisiyerudi nyuma,
Nekesa