Mkono Wangu Haukukatwa na Panga

S.L.P. 47,
Magwagwa,
Nyamira.

Jumapili, 14 Septemba 2025

Mpendwa kaka Mogire,

Bwakire buya, nakusalimu kwa lugha ya nyumbani. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Doha, na kwamba lile joto ulilolilalamikia limeanza kupungua. Mgongo unaendeleaje? Bado wanakusimamisha langoni kutwa nzima bila kiti? Sisi huku tunapumua kwa neema ya Mungu. Presha ya Mama ilipanda wiki juzi lakini imeshuka. Mvua inanyesha kila alasiri, na majani chai yanachipuka kuliko mikono ya kuyachuma.

Anayekuletea barua hii ni Kemuma, binti wa shangazi Nyangate, anayekuja kuanza kazi huko. Bahasha nimeifunga kwa gundi asije akaisoma njiani. Naandika kwa sababu kwenye simu siwezi. Ukipiga, Mama huwa kando yangu, nawe huanza kunisifu kabla sijafungua kinywa, nami najikuta nacheka na kukubali.

Kaka, nilikudanganya. Mkono wangu haukukatwa na panga.

Jumanne ya tarehe mbili, saa tisa hivi mchana, nilikuwa na Mama kwenye kituo cha kuuzia majani chai. Loice alikuwa amenisaidia kubeba gunia. Ulipoondoka alikuwa bado mtoto wa shule ya msingi. Ni bintiye Bathsheba wa ng'ambo ya mto, sasa ana miaka kumi na tisa, na katika darasa langu la karate ndiye anayefika wa kwanza kila mara akafagia chumba. Karani Momanyi alikuwa anapima. Foleni ilikuwa na watu kama thelathini.

Tukasikia mayowe. Esnah, mke wa Nyabuto, alitoka mbio kwenye migomba, bila viatu, akajibanza nyuma ya mizani. Nyabuto akaja nyuma yake na panga mkononi. Unamjua Nyabuto, mlisoma naye. Si mlevi, si mtu wa fujo. Lakini siku hiyo macho yake hayakuwa yakimwona mtu yeyote. Alikuwa akirudia neno moja tu: "Twende nyumbani. Twende nyumbani."

Momanyi alisimama kati yao, akaanza kuongea naye polepole kwa Kigusii, kama anayemtuliza ng'ombe aliyeshtuka. Alimwambia, "Ndugu yangu, jua ni kali. Weka hicho kitu chini kwanza tunywe maji." Na Nyabuto alikuwa ameanza kulishusha lile panga. Niliona likishuka.

Hapo ndipo nilipojitokeza mimi.

Nataka ujue nilivyohisi, kwa kuwa ndilo linalonitia aibu kuliko mengine yote. Nilihisi furaha. Miaka kumi na miwili ya mazoezi, medali ya Kisumu, na kila sherehe ya shule mimi ndiye ninayeitwa kuonyesha jinsi ya kumnyang'anya mtu panga. Panga lenyewe la mbao, na anayelishika ni mwanafunzi wangu anayejua ataangukia upande gani. Sasa siku yangu ilikuwa imefika, na watu thelathini wananitazama. Nikavua sweta nikampa Mama. Mama akanishika mkono akasema, "Kwamboka, mwachie Momanyi." Nikajinasua. Kisha nikapaza sauti ili kila mtu asikie: "Nyabuto, mwanamume anayempiga mke wake ni mwoga. Njoo unipige mimi!"

Panga likapanda tena.

Kaka, hakuja kama tunavyofundisha. Yule wa mazoezi huinua, hushusha, kisha hungoja umfanye unavyotaka. Huyu alikuja akifyeka huku na huku, kama mtu anayefyeka nyasi akijua nyoka yumo ndani, huku anapiga ukelele usio na maneno. Watu walitawanyika. Momanyi alimvutia Esnah ndani ya stoo, Mama akajitupa nyuma ya magunia. Upepo wa lile panga ulinipita usoni. Mikono yangu ilikuwa juu, mahali pake, kama ulivyonifundisha. Miguu ndiyo iliyoniacha. Sikumbuki kuamua lolote. Nakumbuka tu kwamba nilikuwa nimegeuka nakimbia katikati ya chai, na nilipoufikia ua wa seng'enge sikuuruka, niliuvamia. Seng'enge ndiyo iliyonipasua mkono, kutoka kiganjani hadi karibu na kiwiko.

Nyuma yangu nilisikia Loice akiniita, kama wanafunzi wangu wanavyomwita mwalimu, "Sensei!" Sikugeuka.

Alikuwa amesimama palepale nilipokuwa nimesimama mimi. Kwa nini asisimame? Mimi ndiye niliyemwambia kila wiki kwamba mwanafunzi wa kweli harudi nyuma. Alikinga kichwa kwa mkono wa kushoto, na panga likakata kano hadi kwenye mfupa. Nyabuto alipoiona ile damu alishtuka kama mtu aliyeamshwa usingizini, akatimua mbio kuelekea mtoni na panga lake. Hadi leo hajapatikana.

Walinikuta kwenye ua, damu imenijaa kifuani. Nilisikia mtu akisema, "Ameumia akimtetea Esnah." Sikusahihisha.

Alhamisi nilikwenda hospitalini kumwona Loice. Vidole vitatu havikunjiki, na daktari hakutaka kuahidi lolote. Alinitazama, kisha akatazama dirishani, akasema, "Sensei, nisamehe. Nadhani mguu wangu wa nyuma ulikaa vibaya." Nilimjibu kwamba apumzike. Nikaondoka.

Sabato iliyofuata mchungaji alinisimamisha mbele ya kanisa kama shujaa. Nilisimama, bendeji mkononi, nao wakasema "Amina."

Tangu siku ile naogopa, Mogire. Cherehani yangu pale sokoni nimeigeuza ili niwe natazama mlango. Mtu akipita na panga la kukatia ng'ombe nyasi, na huku kwetu nani hana panga, husimamisha cherehani hadi apite. Juzi mteja alinigusa bega kutoka nyuma nikapiga mayowe, kitambaa chake nikakichana. Wengine wanasema Nyabuto ameonekana Keroka, wengine wanasema amejificha kwa wajomba zake. Chai yetu imefika kiunoni, na mtu akichuchumaa ndani yake humwoni mpaka umkanyage. Siingii humo peke yangu tena.

Alhamisi hii iliyopita nilifika darasani nikawakuta wanafunzi wameshika rungu. Obwocha, yule mwenye nguvu kuliko wote, alisema wamekubaliana waende kwa wajomba wa Nyabuto wakamtoe. "Sensei, sisi tunangoja ruhusa yako tu," akasema. Na asubuhi hiyohiyo wewe ulikuwa umenipigia kwamba umeomba likizo, unakuja kumtafuta mwenyewe. Nikawaona nyote kwa pamoja mkielekea kwenye lile panga, na kinachowaongoza ni uongo wangu.

Nikawaambia.

"Ulikimbia?" Obwocha akauliza.

"Nilikimbia."

"Na Loice?"

"Nilimwacha."

Kwenye darasa la watu kumi na wanne, tisa waliondoka bila kuinama kuaga. Mmoja alitema mate mlangoni. Obwocha alibaki, akaketi sakafuni, rungu limelala mapajani. Baadaye sana akaniuliza, "Sasa tukikutana naye tufanye nini?" Nilimwambia, "Mkimbie. Lakini mshike mkono aliye karibu nawe, ukimbie naye." Hilo ndilo somo tulilofanya jioni hiyo. Watu wazima tunashikana mikono tukikimbia uwanjani, na hakuna aliyecheka.

Hapa niliiweka kalamu chini, kwa sababu niliona siwezi kukuandikia wewe mambo ambayo sijamwambia mama yake Loice. Sasa ni saa tisa, nimetoka kwake.

Nilimkuta Bathsheba uani akianika maharagwe. Nilisema yote nikiwa nimesimama. Hakuacha kuanika. Nilipomaliza akasema, "Nilijua. Loice alinieleza siku ileile, akaniomba nisimwambie mtu. Siku kumi na mbili nimekuwa nikiitazama njia hiyo kama utakuja."

Nikasema, "Nisamehe, Mama Loice."

"Hilo bado," akasema. "Lakini Loice ameruhusiwa hospitali, na Alhamisi anarudi kubadilishiwa bendeji, nami siwezi kumwacha mama mkwe kitandani. Utampeleka wewe."

Nikamwambia ukweli kwamba naiogopa barabara ile, maana inapita kwenye boma la Nyabuto.

"Hata mimi naiogopa," akasema. "Utampeleka."

Basi nitampeleka.

Ninachokuomba, kaka, ni usije. Ukija kunisalimu, njoo wakati wowote, nitakupikia. Lakini usije kumtafuta Nyabuto. Chifu na polisi wanamtafuta, waachie. Najua unajiambia kwamba wewe si kama mimi, kwamba wewe miguu isingekuacha. Nami nilijiambia hivyo hadi saa tisa ya Jumanne ile. Na hata huko langoni, akija mtu na silaha, fungua lango uondoke. Akikucheka mtu yeyote wa huku kwetu, nitamsimulia nilivyofanya mimi.

Esnah amerudi kwao na watoto. Mama anakusalimu sana, anauliza kama unakula. Shangazi Nyangate anakusalimu, vilevile Momanyi, ambaye bado hajaniambia neno baya hata moja. Nawe nisalimie Ronny unayelala naye chumba kimoja, na umtazame Kemuma kama ungenitazama mimi.

Mungu akuweke mbali na kila kitu chenye makali, akurudishe kwetu na viungo vyako vyote.

Ni mimi dada yako akupendaye, na anayeogopa,

Kwamboka