Kipisi Kilichorudi na Upepo

Dada yangu mpenzi,

Salamu kutoka baharini. Mimi mzima, na mwenzangu wa chumbani bado anakoroma kama trekta. Ndiye anayeniandikia, usiushangae mwandiko.

Kwenye meli yetu ni marufuku kuvuta sigara kwenye roshani. Mzee mmoja niliyekuwa nikimsafishia chumba alivuta kila siku. Nilipomwonya alicheka. "Binti, moshi unakwenda baharini. Utamdhuru nani, samaki?" Alikuwa mcheshi, hata habari zenu alikuwa akiniuliza.

Juzi upepo ulikirudisha kipisi chake cha sigara kwenye roshani ya chini, kikawasha taulo lililotandazwa kitini. Kando ya kiti alilala mtoto mchanga. Mama yake alikuwa anaoga. Mimi nilikuwa natandika kitanda chumbani mwao. Nililinyakua lile taulo likiwaka, nikalitupa baharini. Mtoto hata hakuamka. Daktari wa meli anasema mikono yangu itapona, ila vidole viwili bado havikunjiki.

Msimamizi aliponiuliza, nilimtaja mzee. Akaamriwa ashuke bandari iliyofuata. Asubuhi ya kushuka kwake nilikwenda kumuaga. Akanisogezea sanduku lake nimbebee, kisha akaziona bandeji.

"Ni wewe uliyenisema?"

"Ni mimi, baba."

Kisha akalinyanyua sanduku mwenyewe, akanifungulia mlango nipite kwanza.

Wabusu watoto. Mama mwambie tu nina kazi nyingi.

Mdogo wako akupendaye