Wateja Waliomtukana Phoebe

Milka, Phoebe wangu hafukuzwi tena! Amepewa mkataba mpya, na wateja wenyewe ndio waliomtetea!

Hamjambo huko Kakamega? Mimi mzima, Doha imeninenepesha, na mjukuu ameota jino.

Sasa sikia, mdogo wangu. Kampuni anayofanyia kazi Phoebe huwauzia watu majina ya tovuti, yaani anwani za biashara zao mtandaoni, na hulipiwa kila mwaka. Yeye ndiye aliyepewa kazi ya kuipanga upya tovuti ya kampuni, mtoto wangu huyo! Ikapendeza kama kanisa siku ya harusi. Kumbe wateja wa zamani hawaoni tena pa kulipia majina yao. Walimtukana! Philipo, Mkenya wa Busia anayekodisha mabasi hapa, aliandika, "Aliyehamisha mlango wa duka arudishwe kwao." Bosi akasema mwezi ukiisha, basi. Bila kazi, hana kibali cha kuishi hapa. Nilimsikia akilia bafuni.

Nikamwambia, "Wapigie simu. Wasalimie kwanza, waulizie watoto, kama nilivyokulea." Akawapigia. Philipo akacheka, "Dada, unaniuzia jina au unanichumbia?" Kisha akamweleza anapopotelea kwenye tovuti, Phoebe akaparekebisha. Sasa wanamsifu mpaka kwa bosi, na Philipo ametuletea tende.

Mungu ametutendea, Milka. Tunakuja likizo. Waite wote kwenye ibada ya shukrani, hata walionicheka nilipouza ng'ombe nimsomeshe kompyuta.

Ni mimi dada yako, Mama Phoebe, na nitawangoja nyumbani kwangu huko Jumamosi ya kwanza ya Desemba.