Kompresa Mpya ya Gari la Baba

Jumapili, mwezi wa saba

Bado nasikia ule mluzi. Kompresa kubwa niliyoifunga kwenye gari la mbio la marehemu Baba inasukuma hewa kwenye mota huku ikiimba.

Asubuhi Mama alisema amepata mteja wa kulinunua. "Gari bila mwenyewe ni chuma tu, mwanangu."

Nilimwomba tu anishikie simu yenye programu ya kupima nguvu, tukashika njia ya Gatumba, ziwa limelala kushoto.

Niliogopa. Mota ni ya zamani. Ingepasuka mbele yake, ubishi wetu wa kuliuza au kutoliuza ungeishia hapo.

Nikakanyaga. Tulibanwa kwenye viti, michikichi na maji vikawa rangi moja, nikahisi tunaelea.

"Simu inasema nini, Mama?"

"Farasi mia mbili na kumi."

Jana, kwa kompresa ya zamani, ilikuwa nguvu za farasi mia moja na tisini. Ishirini wameongezeka! Nikapunguza mwendo, nikingoja anigombeze.

Mama alikuwa anacheka, mtandio umemteleza hadi mabegani. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu mazishi.

"We, rudia tena," akasema. "Yule muteja nitamwambia apana."