Upanga Badala ya Keki

Baba Tomoe,

Wali upo jikoni, supu ipashe moto. Paka ameshakula, asikudanganye.

Asubuhi Bibi Kuwabara wa mlango wa pili, ambaye kila akisafiri hutuletea keki, alikuja kukupa pole ya safari yako ya Kanazawa. Nawe badala ya kumpa keki za huko, ukamchomolea huo upanga wa bandia ulioununua, usiokata hata kitunguu! Maskini akapiga makofi, akaondoka mikono mitupu.

Sasa nifanyeje? Keki za duka la hapa atazitambua kwa karatasi ya kufungia tu. Napanda treni kwenda Kanazawa.

~~Huo upanga urudishe.~~ Haya, utundike unapotaka. Nimeshindwa nawe.

Mimi pia hukuniletea kitu. Nitajinunulia boksi moja. Nikirudi, nipe kana kwamba umeniletea wewe.

Mama Tomoe